Dirisha la Mnarani

Asubuhi ya kwanza Klotilde aliamka akakuta mtu amepumulia kioo cha dirisha. Lilikuwa doa la ukungu, la duara, ukubwa wa kisahani cha chai, palepale ambapo mdomo wa mtu aliyesimama ungefika. Akalifuta kwa mkono wa gauni lake la kulalia. Likarudi. Na si kwamba lilirudi baadaye. Alikuwa bado anaangalia, kioo kikavu kabisa, mara ukungu ukaanza katikati na kutanuka taratibu, kana kwamba mwenye pumzi hiyo yuko hapohapo na pua yake imegusa kioo.

"Wina," aliita, "uliamka usiku?"

"Niamke na mapafu haya?" mdogo wake alijibu kutoka kitandani. "Kwenda chooni tu naitisha kikao. Kwani vipi?"

"Hamna. Kioo kinatoa jasho."

"Ndiyo hoteli ya matajiri hiyo, dada. Hata vioo vinachapa kazi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, Klotilde akaenda kumpigapiga mgongo.

Hawa walikuwa wanawake wa Valais, huko Uswisi, wa bonde la chini, kwa watu wanaokata majani kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anaifikiria mara mbili. Nimekaa nao miaka mingi, nawajua: wabishi, wachache wa maneno, na wakikuahidi kitu wamekuahidi. Mama yao alikuwa mfuaji wa mashuka ya Hoteli Bellamunt, na wasichana hawa wawili ndio waliokuwa wakiyapeleka, kwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele waliuona kwa mbali tu. Mama alipofariki, Klotilde ndiye aliyemlea Ludwina, huyo Wina wake, na hakuolewa wala hakuwa na mtu mwingine chini ya jua. Mwaka huo Ludwina aliugua mapafu, akapona kwa kudra tu. Akiwa bado hospitali, na mipira puani, akamwambia dada yake, "Nikitoka hapa mzima, nataka nikalale Bellamunt. Niingie kwa mlango wa mbele, nikanyage zulia, waniite Bibi." Klotilde akaahidi. Daktari naye akasema hewa ya milimani itamfaa.

Hewa ya milimani! Chumba chao kilikuwa cha mnarani, kizuri kuliko vyote, na dirisha lake halikuwa na kitasa. Hoteli ilikuwa imekarabatiwa. Vioo vya tabaka tatu vilikuwa vimezibwa pande zote, na hewa ililetwa na mashine iliyonong'ona darini kutwa kucha. "Utulivu kamili, mabibi zangu," alisema meneja, Bwana Amadé Lauber, alipowafungulia mlango. Kwa jinsi alivyolisema ungedhani kelele za ndege ni ugonjwa. Hoteli nzima ilikuwa imejaa, chumba hicho peke yake ndicho kilikuwa wazi. Klotilde alijiuliza kwa nini, lakini hakutaka kumharibia mdogo wake furaha.

Siku ya pili ikaja harufu. Ludwina alikuwa na harufu yake, ya ile dawa ya kuchua kifua iliyotengenezwa kwa mkaratusi, na Klotilde alikwishaizoea kiasi cha kuipenda. Hii ilikuwa nyingine. Marashi ya kizamani, ya bibi mwenye vito, na chini ya marashi kuna kafuri. Mimi na wewe tunajua kafuri hupakwa nani. Harufu ilikuwa haitulii. Ilisimama kando ya kitanda, ikaenda dirishani, ikarudi kitandani, na kila ilipopita nywele za Klotilde zilisisimka mpaka kisogoni.

Kisha sauti. Mchana kweupe, Ludwina amelala, Klotilde anafuma soksi. Kucha zilikuwa zinapita kwenye fremu ya dirisha. Zilianza chini, zikapanda upande wa kushoto, zikapita juu, zikashuka kulia, polepole, zikipapasa, zikifika pale ambapo zamani palikuwa na kitasa zinasita, zinakwaruza kidogo, halafu zinaanza upya. Klotilde akaacha kufuma. Hakuthubutu kuinua macho. Wallahi hata mimi nisingeinua.

Nje theluji ilikuwa imeanza kumwagika. Kufikia saa za chai treni ilikuwa imesimamishwa na barabara imefungwa, watu wakihofia maporomoko. Ndani ya chumba Ludwina alifungua macho na kusema, kwa Kijerumani cha mjini kilichonyooka, yeye ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema ila lahaja ya bondeni:

"Msichana, fungua dirisha."

"Wina? Unaniita msichana mimi?"

Ludwina akapepesa macho. "Nani kakuita msichana, kizee wewe?" alisema, kwa sauti yake mwenyewe sasa, akitabasamu kwa shida. "Dada, kifua kinabana. Ni kama nimekaliwa."

Klotilde akamwekea sikio kifuani. Akasikia pumzi ikiingia na kutoka, nyembamba, yenye mluzi, anayoijua. Na katikati ya hiyo, wakati kifua cha mdogo wake kimetulia, akasikia nyingine ikiingia, ndefu, ya mtu mzima asiye na haraka.

Aliteremka ngazi akishikilia ukuta. Alimkuta Bwana Lauber kwenye chumba cha magazeti, akamvuta mkono kama anavyovutwa mtoto mtukutu.

"Nani amefia chumbani kwetu?"

"Bi Klotilde, tafadhali, wageni..."

"Nimekuuliza nani."

Lauber alichungulia mlangoni, akaurudishia. "Shusha sauti, nakuomba. Ni Bi Ottilie. Mjane kutoka Hamburg. Kila majira ya baridi alikuwa anakaa chumba kile, tangu nikiwa mbeba mizigo. Alikuwa ananiita kijana mpaka nilipoota mvi. Alifariki usingizini, kabla ya Krismasi."

"Mkamtoaje?"

Akaanza kupanga magazeti yaliyokuwa mezani.

"Mkamtoaje, Amadé?"

"Kwa toroli la mashuka," alisema, na macho yalikuwa chini. "Wageni wakiwa mezani. Hoteli haitaki watu wajue kwamba mtu anaweza kufa humu."

"Na dirisha?"

"Unajua mwenyewe halifunguki."

Klotilde akakaa chini. Kwao, mtu akikata roho, kabla hata ya kumfumba macho, wanafungua dirisha ili roho ishike njia yake. Nyumba za zamani zina kijidirisha maalumu kwa kazi hiyo tu, chini ya paa. Walio hai wanatoka wote chumbani kwanza, maana njia ikiwa wazi haichagui anayepita. Halafu dirisha linafungwa, ili aliyetoka asirudi. Kila mtoto wa bondeni analijua hilo, na Lauber alikuwa mtoto wa bondeni.

"Wewe ni mtoto wa akina Lauber wa kinu cha unga," Klotilde alinong'ona. "Mama yako alipofariki, nani alifungua dirisha?"

"Mimi." Akageukia ukuta. "Usinitazame hivyo. Nyumbani nisingefanya. Hapa nilikuwa kazini."

"Haya, na mimi nina mdogo wangu juu, na huyo bibi wako anapumua ndani yake. Utanisaidia au hutanisaidia?"

Akamsaidia, lazima niseme ukweli. Walikubaliana wamtoe Ludwina kwanza, wamlaze ukumbini kwenye kochi, kisha wavunje kile kioo, na gharama na kazi yake Lauber vyote viende vinakokwenda. Walipanda. Jua lilikwishazama nyuma ya mlima ingawa mchana ulikuwa haujaisha, na chumba kilikuwa na mwanga wa buluu. Wakambeba Ludwina, huyu mabegani, yule miguuni, mwepesi jamani, mifupa na shuka, naye akatania kwa sauti ya kukatika, "Kwa mlango wa mbele, eeh? Msinipitishe nyuma."

Walipofika kizingitini akaacha kupumua.

Hakukohoa, hakupigana, alizimika tu, midomo ikawa ya zambarau na vidole vikakunjamana, na Klotilde akamvuta mbele akidhani wakishatoka atapata nafuu, lakini kadiri kifua kilivyovuka ndivyo uso ulivyozidi kuwa wa maiti, na nyuma yao mle chumbani kitu kikaanza kuvuta hewa, kwa nguvu, kwa muda mrefu, mapazia yote yakielekea kitandani, mpaka Lauber akapiga kelele "Mrudishe! Mrudishe!" wakamrudisha kinyumenyume, wakamtupa kitandani, na hapohapo kifua kikainuka na pumzi ikaingia, ndefu, ya mtu mzima asiye na haraka.

Wakajaribu tena. Ikawa vilevile.

"Hawezi kutoka," Lauber alisema. Alikuwa analia bila kuficha. "Amemshika."

"Basi tutavunja naye akiwa humu."

"Bi Klotilde, akiwa humu? Unaijua desturi."

"Naijua kuliko wewe! Unataka nifanye nini? Nimwache anyonywe mpaka aishe, huku mimi nafuma soksi?" Akamshika Lauber mkono. "Niambie lingine la kufanya, Amadé. Niambie nilifanye."

Lauber akaenda koridoni akarudi na shoka la zimamoto.

Klotilde alipanda kitandani na kumlalia mdogo wake mzimamzima. Aliwaza jambo moja tu: njia ikifunguka, atamziba. Akamkumbatia, akambana kichwa kifuani, akamfunika pua na mdomo kwa kiganja, akiacha upenyo kidogo wa kumwezesha kupumua. "Ni mimi, Wina," alimwambia sikioni. "Usiende popote. Mimi nipo, nimekushika."

"Dada, unanikandamiza," Ludwina alisema ndani ya kiganja.

Shoka likatua. Kioo cha kwanza kikapasuka, cha pili kikapasuka, na cha tatu kilikuwa kigumu mno, Lauber akakipiga na kukipiga huku akiomba msamaha kwa Mungu, kwa mama yake na kwa Bi Ottilie, mpaka kikaachia chote kwa pamoja na dhoruba ikaingia mle ndani, theluji ikapita juu ya kitanda, mapazia yakatoka nje yakipigapiga, na katikati ya kelele hiyo yote Klotilde akahisi kitu chenye uvuguvugu kikipenya kati ya vidole vyake, akavibana, kikapenya tena, laini, kikimgusagusa kama anayeng'ang'ania mkono, kisha kikamponyoka. Kilipompita usoni alikinusa. Kilikuwa na harufu ya mkaratusi.

"Funga!" alipiga kelele. Kisha, "Hapana! Usifunge! Amadé, usifunge, si yeye, si yeye aliyetoka!"

Lauber alikuwa amekwishaegemeza godoro la akiba dirishani. Desturi ndiyo inavyosema, ukishafungua, funga upesi.

Kitandani, mwanamke alikaa kitako. Alikaa wima bila kusaidiwa, mashavu yameiva kwa wekundu. Akaitazama theluji iliyomwagika kwenye blanketi, akaipangusa kwa ncha za vidole.

"Kijana," alimwambia Lauber, "chumba hiki kina baridi."

"Samahani sana, Bi Ottilie, mara moja," Lauber alijibu, kwa mazoea ya miaka yote ile, na alipojisikia akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Watu wa kule, kwa kazi, hawana mfano. Kesho yake kabla ya chakula cha mchana mafundi walikwishatoboa theluji, wakaleta kioo, wakakiweka na kukiziba kwa gundi nyeusi pande zote. Klotilde alimshika fundi miguu. Alimwambia, "Mdogo wangu yuko nje, mwacheni aingie kwanza." Wakamhurumia, wakampa chai yenye pombe kidogo. Daktari wa mji alikuja, akamsikiliza mgonjwa kifua, mbele na nyuma, akasema kwamba katika maisha yake ya udaktari hajaona mapafu yaliyosafika namna ile. Akampa Klotilde mkono. "Hongera, mama. Umemwokoa mdogo wako."

"Huyo si mdogo wangu."

Daktari akamtazama Lauber. Lauber alitazama viatu vyake.

"Huyu msichana amechoka," mwenye uso wa Ludwina alisema kwa upole kutoka kwenye mito. "Mpeni likizo."

Wakamteremsha Klotilde, wakamtoa kwa mlango wa mbele, juu ya zulia, mmoja akimshika kwapa hili na mwingine lile. Treni ilikuwa imeanza tena. Hakuelekea stesheni. Aliuzunguka mnara, theluji ikimfika magotini, akasimama chini ya lile dirisha. Juu kulikuwa na taa, na mkono ulikuwa unafunga mapazia.

Upepo ulikuwa umekufa. Akaziba mdomo ili asisikie kilio chake mwenyewe. Ndipo akasikia kikohozi. Kilikuwa juu kabisa, nje ya kioo, kwenye ukuta mtupu ambako hata njiwa hapati pa kukanyaga. Halafu kucha zikaanza kupapasa fremu, taratibu, chini, kushoto, juu, kulia.

"Dada," sauti ilisema, kwa lahaja ya bondeni. "Klotilde, dada yangu, nifungulie. Nasikia baridi."