Jakaranda Mbele ya Dirisha

Jumamosi ile kitalu cha miche kando ya barabara kilifurika watu utadhani miche inagawiwa bure. Huyu anauliza bei, yule anauliza mbolea, mwingine anabonyezabonyeza majani kama anachagua nyanya. Katikati ya fujo hiyo, mikono miwili ikakamata mche mmoja.

Mkono wa kwanza ulikuwa na grisi mpaka kwenye kucha. Ulikuwa wa fundi bomba. Wa pili ulikuwa wa dada mmoja mwenye gauni la manjano na viatu vyeupe, viatu ambavyo mtu mwenye akili timamu havileti penye matope.

"Kaka, huu nimeuona mimi."

"Umeuona wewe, nimeushika mimi."

"Unajua hata ni mti gani?"

Fundi akautazama juu mpaka chini. "Ni mti wa... kijani."

Dada akaangua kicheko. Mama wa miche akaja mbio kabla mche haujachanika.

"Huo ni jakaranda. Ukikua unatandaza matawi, ukichanua ni zambarau mpaka chini. Kivuli chake raha tupu. Ila mchafu, kila siku ufagio mkononi, na mizizi yake haina adabu, inakwenda isikoitwa. Ule pale mwashoki. Umenyooka kama askari wa gwaride, kijani mwaka mzima, haukuchukulii nafasi, mizizi imetulia. Ila kivuli chake hakimtoshi hata kuku."

"Nipe mwashoki," alisema Fundi.

"Mwashoki wa nini?" dada akadakia. "Mti usiokalika chini yake? Hiyo si nguzo ya umeme yenye majani?"

Fundi alicheka mpaka akashika kiuno. Siku hiyo aliondoka bila mti wowote, ila na namba ya simu.

Yule dada alikuwa anatoa dawa kwenye dirisha la hospitali, ndiyo maana haikuchukua muda Fundi akaanza kumwita Dozi. Simu zikawa haziishi.

"Dozi yangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nameza sauti yako kutwa mara tatu."

"Usizidishe, utasinzia juu ya ngazi."

Wakati huo Fundi alikuwa anamalizia nyumba yake, ile ambayo wangeishi wakioana. Bomba zote alilaza mwenyewe, lakini vitu vingine vyote vilichaguliwa na dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Vigae, mapazia, rangi, mpaka kitasa cha mlango wa choo. Kila Dozi alipoingia mle ndani alijiona mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Fundi wangu," alimwambia siku moja, wamesimama sebuleni pasipo hata kiti, "humu mimi nina nini?"

"Chagua chochote, mpenzi."

"Kimebaki nini?"

Fundi akazungusha macho toka kwenye vigae mpaka kwenye mapazia. Dozi akatazama nje. Uwanja ulikuwa mtupu. "Basi mti. Mti nachagua mimi. Jakaranda, hapa mbele ya dirisha, nikikaa sebuleni nione kitu changu."

Akatoka, akagonga ardhi kwa kisigino. "Hapa."

Chini ya kisigino hicho lilipita bomba la maji machafu, na pembeni kidogo kulikuwa na chemba, kile kisanduku cha zege yanapokusanyikia kabla ya kwenda shimoni. Fundi alijua. Fundi yeyote angesema, dada, hapa hapafai. Lakini Dozi alikuwa amekunja sketi, anacheka, anasema "mti wetu", na ulimi wa Fundi ukagoma. Akachimba shimo polepole kama mwizi, asije akagonga bomba lake mwenyewe. Mche ukaletwa kutoka kitaluni, wakapanda. Wakamwagilia. Fundi akatabasamu, jicho kwenye chemba.

Fundi akahamia humo. Mche ukashika vizuri mno, na huo ndio ukawa ugonjwa wa Fundi. Maji yakichelewa kidogo kushuka chooni, anaona mizizi. Akifumba macho, anaona mizizi. Dozi alipokwenda semina ya kazini, Fundi aliung'oa ule mti, akautia kwenye pipa nyuma ya nyumba, akapanda miashoki miwili mahali pake. Alijiambia atamweleza akirudi.

Dozi alitoka semina akapitiliza moja kwa moja kwa Fundi, begi begani, vumbi la safari kwenye nyusi. Akasimama getini.

"Mti wangu uko wapi?"

Fundi akafungua mdomo. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yakatawanyika. "Si unamjua dada..." akasema, akanyanyua mabega.

Hakumalizia hata sentensi.

"Dada yako kaung'oa. Na wewe ulikuwa wapi?"

Fundi akaanza kukwangua kutu ya geti kwa kucha.

"Haya. Ndani sina kitu, na nje sina kitu. Nimeelewa."

Akaondoka na begi lake. Fundi akabaki ameshika geti kama lingeanguka bila yeye.

Alipiga simu, ikakatwa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Alikwenda mpaka hospitali, akakaa kwenye benchi na wagonjwa, jina lake likakosa kuitwa kwa sababu halikuandikwa. Chakula kikawa hakipiti. Kazini alifungua bomba la mteja bila kufunga koki, akarudi nyumbani ameloa na matusi juu. Kule nyuma, jakaranda ilidondosha majani yote, ikabaki kijiti. Akawa anakaa kando ya pipa, anaimwagilia, anaibembeleza kwa sauti. Majirani wakaanza kumsalimia kwa uangalifu.

Siku moja Dozi akapokea.

"Nisikilize mimi. Nimeulizwa kama nataka uhamisho, hospitali ya mbali. Kesho nampa mkuu wangu jibu."

"Dozi, mpenzi wangu, nakuomba..."

"Usiniite Dozi. Dozi huwa inaisha." Simu ikakatika.

Asubuhi yake dada mkubwa alimkuta kando ya pipa, macho mekundu. Akambana, na Fundi akatapika yote.

"Umesema ni MIMI?" Kilemba kilimtikisika kichwani. "Nimekulea, nimekuogesha, leo unaniuza kwa ajili ya kijiti?"

Hakungoja jibu. Alikwenda hospitali na kandambili za nyumbani, akapita foleni nzima mpaka dirishani.

"Cheti cha daktari?" Dozi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sina cheti, wifi."

Dozi akainua kichwa. "Bila cheti hakuna dawa."

"Siumwi. Mgonjwa nimemwacha nyumbani, amekumbatia pipa."

"Mama, sisi tunaumwa kweli!" mzee mmoja akalalamika.

"Baba, subiri kidogo, bado unapumua." Akarudi kwa Dozi. "Vigae nilichagua, sikatai. Mapazia pia. Kila nikimuuliza anasema 'vyovyote, dada'. Ningemwachia, mngelala kwenye kifusi. Lakini mti wako mimi sikuugusa. Kaung'oa yeye. Pale chini kuna bomba la choo, na aliogopa kukwambia."

Dozi akamkabidhi yule mzee chupa.

"Binti, mimi ni tumbo. Hii ni ya kikohozi cha mtoto."

Saa ya chakula cha mchana, Dozi alifika kwa Fundi na koti lake jeupe la kazi. Uwanja ulikuwa kama umepigwa bomu. Miashoki imelazwa chini, mtaro umetoka ukutani mpaka uani, na ndani ya mtaro, matope mpaka kiunoni, Fundi anachimba huku analia.

"Unafanya nini?"

"Nahamisha bomba. Na chemba pia. Jakaranda itarudi pale pale uliposema."

Dozi akatazama kijiti kwenye pipa, akatazama mtaro, akamtazama yeye.

"Ungeniambia tu, hapa hapafai. Ningesogea. Tungecheka, tungekwenda kula."

"Niliogopa utaona hata mti nakunyima."

"Umeninyima zaidi ya mti. Dada anaambiwa 'vyovyote', mimi naambiwa 'sawa mpenzi'. Wewe mwenyewe uko wapi? Nilitaka kuolewa na mtu, sijamwona bado." "Mkuu wangu anasubiri jibu. Niende?"

Fundi akafungua mdomo. Ile sentensi ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, ile tunayoipenda sana sisi wanaume kwa sababu inatupamba na haitugharimu chochote: uamuzi ni wako, mpenzi. Akaimeza. Ilishuka kwa shida.

"Hapana," akasema. "Usiende. Sitaki uende."

"Na mti?"

"Hapo hapafai. Hata nikihamisha bomba, mizizi italifuata tu."

Dozi akakaa kwenye lundo la udongo, koti jeupe na vyote, akafunika uso kwa viganja. Fundi hakujua kama analia au anacheka, na kwa kweli alikuwa anafanya yote mawili. Kisha Dozi akamnyooshea mkono. "Toka humo. Nionyeshe panapofaa."

"Kona ile."

"Kule? Sipapendi."

"Mimi napapenda. Kivuli kitafika mpaka barazani."

"Fundi!"

"Nimesema napapenda."

Simu ikaita mfukoni mwa koti. Dozi akaipokea, macho kwenye kona. "Mkuu, shikamoo. Ndiyo, nimefikiria. Siendi. Asante sana." Akairudisha mfukoni, akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Kona ile ina mawe," akasema.

"Nina sururu."