Karatasi Yenye Jina la Gordon

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumanne moja ya Machi 1996, Elsie alifungua chumba cha michoro katika kituo cha utafiti wa ziwa pale Kisumu. Alifunua bango lililokuwa liende kongamanoni Nairobi kwa basi la jioni, akapiga ukelele. Karatasi kumi na mbili alizozibandika jana kwenye kadibodi kwa gundi ya unga wa muhogo zilikuwa kumi na moja. Iliyokosekana ni ya juu katikati, yenye jina la Gordon Opiyo, mtafiti mwenzake.

Gordon alikuwa amezama wiki tatu kabla, akichota maji ya kupima, na ziwa lilikuwa bado halijamrudisha. Elsie aliapa kwamba jina lake litasomwa Nairobi. Inspekta Nelima, mwenye faili la ajali hiyo, alifika mbio. Polisi hulipwa kwa kufikiri mabaya, naye aliyafikiri: aliyemuua mtu hashindwi kumfuta na jina.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi na Daktari Kangethe, Afande. Na Daktari alitaka jina yake ikuwe ya kwanza. Tuligombana Ijumaa, kila mtu alisikia."

Daktari Hiram Kangethe, mkuu wa kituo, hakukana.

"Ni kweli nilitaka. Mimi ndiye nilimfundisha hiyo kazi. Lakini njoo uone, Madam."

Akawasha kompyuta. Skrini haikuwa na picha, ila maandishi matupu: amri moja ya kuweka jina la samaki mbuta, nyingine ya kuchora mshale kutoka omena hadi mbuta, na kuendelea, mpaka mchoro mzima wa nani anamla nani ziwani.

"Gordon aliandika hizi zote. Mashine inazisoma, inachora yenyewe. Jina lake liko mstari huu. Ningetaka kumtoa ningefuta hapa, niprint upya. Kubandua karatasi kungenisaidia nini?"

Nelima aliona ukweli wake. Anayejua bango linavyotengenezwa asingehangaika na gundi. Mwizi aliamini karatasi ile ni moja tu duniani. Nelima akapapasa lile pengo. Kadibodi haikuchanika hata kidogo.

"Ilibanduliwa gundi ikiwa mbichi," akasema. "Yaani jana, kabla hujafunga. Nani mwingine aliingia humu?"

Elsie alijifunika uso. "Mama yake Gordon. Alikuja kuchukua nguo za mwanawe. Nikamwonyesha jina, nikamwambia hii yote ni kazi ya mkono wa Gordon. Nikaenda kumletea chai. Kurudi, nikapata amefunika bango na kitambaa. Nilidhani anazuia wadudu wa ziwa."

Walimwacha Kangethe akichapa nyingine, wakaenda Luanda Kotieno, kijijini kwao Gordon. Adhuhuri waliwakuta vijana wakichimba kaburi. Mama Perez, mamake Gordon, alikuwa ameketi chini, kando yake tunda refu la mti wa yago limeviringishwa kwa shuka. Maiti isipopatikana, watu wa huku huzika yago mahali pake. Nelima alitamani angekuwa amefuata mwizi wa kawaida.

"Min Gordon," alisema taratibu, akimwita mama Gordon kwa Kijaluo, "karatasi iko wapi?"

Mama akafunua shuka. Karatasi ilikuwa imezungushwa kwenye tunda.

"Nyara, binti yangu, hizo nguo alinunua tu sokoni. Hii aliandika yeye. Yago haina jina. Nizike matunda kama mwendawazimu? Niliogopa nikiomba, mtaninyima."

"Hatungekunyima, Mama!" Elsie alisema, machozi yakimtoka. "Mashine inatoa ingine. Hata saa hii Daktari anatoa."

Mama Perez aliilaza karatasi vizuri kwa kiganja.

"Ingine? Nyinyi mko na bahati. Mimi nilizaa mmoja."

Nelima alivua kofia, akapiga magoti na kumsaidia kulifunika tunda. Kesi ya wizi ikaishia hapo, na shaka ya mauaji nayo.

"Na huko Nairobi," mama akauliza, "watasoma jina yake?"

"Ya kwanza, Mama," Elsie akasema.

"Basi wasome na sauti. Sisi huku tumemwita kwa maji mpaka tumechoka."