Mbishi na Lenzi Zake

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Mbishi alikuwa na kazi moja: kutunga uzi kwenye sindano. Familia yake ililala vyumba vya nyuma, na chumba cha mbele kilikuwa duka la ushonaji lenye cherehani mbili, moja ya mama yake na nyingine ya shangazi yake. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Ncha ya uzi ililambwa kwanza, ikabanwa kwa midomo mpaka isimame wima, ndipo ikaingizwa tunduni. Chaki ya kuchorea nguo ikigoma kuandika, ililambwa. Kidole kikishindwa kutenganisha vitambaa viwili vilivyogandana, nacho kililambwa. Shangazi alipenda kusema kwamba fundi mkavu wa mate ni sawa na cherehani iliyokosa mafuta.

Shida ya Mbishi haikuwa mate. Shida ilikuwa sindano yenyewe. Alipoitazama moja aliona tatu, zote zimefunikwa na ukungu, akachagua ya katikati na kujaribu bahati. Siku nyingine bahati ilikubali. Siku nyingine alijichoma kidole, akakinyonya kimya kimya, akaanza upya. Jina la Mbishi hakupewa bure. Alipokuwa mdogo aliambiwa jua limekwisha kuzama, akafungua mlango kwenda kuhakikisha.

Miwani alikuwa ameshavaa. Ya kwanza haikusaidia, ikabadilishwa, na ya pili nayo ikawa pambo la pua tu. Darasani alikaa mbele kabisa, karibu aguse ubao, na bado kila namba ilikuwa na kivuli, na kivuli kilikuwa na kivuli chake. Siku moja mwalimu wa hesabu alisimama juu ya kichwa chake, akatazama alivyonakili, akaguna.

"Hizi si hesabu nilizoandika. Unacheza?"

"Sichezi, Mwalimu. Ubaoni kuna saba nyingi mno."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu alidhani anafanyiwa mzaha, na jioni ile alipopita dukani kuchukua suruali yake iliyopunguzwa kiuno, hakuondoka bila kusema lake.

"Mama, binti yako ana akili, lakini hafuati masomo. Mwakani afadhali arudie darasa. Au abaki hapa ajifunze kushona. Kushona nako ni kazi."

"Ni kazi," mama alijibu, akimkunjia suruali. "Ila fundi asiyeona sindano atashona nini?"

Mbishi alitoka nyuma ya pazia kabla mwalimu hajajibu. "Shikamoo, Mwalimu. Mimi sirudii darasa. Macho yangu ndiyo mabovu, si mimi."

Shangazi alikohoa kwa aibu. Mama hakumkemea. Juma lililofuata alifunga duka asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na homa, wakaenda wote watatu hospitali kubwa.

Mpimaji wa macho alikuwa mwanamume mnene mwenye masihara, na mikono yake ilinukia sabuni. Alimwambia Mbishi aweke kidevu juu ya kifaa, atazame mbele bila kupepesa. Kisha akawaonyesha picha ya rangi kwenye kompyuta, nyekundu kama kaa la moto upande wa chini.

"Hiki ni kioo cha mbele cha jicho lake," alisema. "Kinatakiwa kiwe mviringo laini, kama mgongo wa kijiko. Chake kimekuwa chembamba hapa, kikachongoka. Mwanga ukipita unatawanyika, ndiyo maana anaona namba zinatembea na watoto wao. Miwani haiwezi kusawazisha hapa. Lenzi ngumu inaweza." Akamgeukia Mbishi. "Unapenda kusugua macho?"

"Yanawasha."

"Acha. Kusugua kunazidi kuyachongoa."

Shangazi alikuwa ameshaiona lenzi kwenye ncha ya kidole cha mpimaji, ndogo kuliko kifungo cha shati. "Mnataka kumtia mtoto kigae jichoni? Jicho halivumilii hata kope moja."

"Si kigae, mama. Na haikai ndani, inaelea juu ya machozi. Ila lazima ikatwe kwa umbo la jicho lake mwenyewe. Ya mwenzake haitamfaa."

"Kama koti la mtu mwenye kibyongo," mama alisema. "Koti la dukani litambana mgongoni na kupwaya kiunoni."

"Hasa hasa," mpimaji alicheka. "Leo nampima koti."

Kupima hakukuwa mchezo. Lenzi ya kwanza ilipogusa jicho, Mbishi alihisi kama ametiwa mchanga. Machozi yalimbubujika, kamasi nazo hazikubaki nyuma. Mpimaji akadondosha dawa ya rangi ya njano, akammulika kwa taa ya buluu kuona machozi yamekaaje chini ya lenzi. "Hii inagusa kilele, itamkwangua," akasema, akaitoa. Nyingine ikawa inapwaya, ikateleza hadi pembeni alipopepesa mara moja tu. Nyingine tena ikabana.

"Twendeni nyumbani," shangazi alisema. "Mtoto anateseka."

"Leta nyingine," Mbishi alisema, huku akijifuta pua kwa mkono wa gauni.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Miguu yangu mizima, shangazi. Tunatibu macho."

Mpimaji akafungua kisanduku kingine. Lenzi ile ikatulia. Mbishi alipofungua jicho vizuri, aliona mlango, aliona kitasa cha mlango, akaona na msumari mdogo ulioshikilia kitasa. Msumari ulikuwa mmoja. Alilia tena, na safari hii lenzi haikuhusika.

Lenzi zake mwenyewe zilipokuwa tayari, mpimaji alimfundisha kuzivaa na kuzivua mpaka akaridhika. "Mikono kwa sabuni, kila mara. Lenzi unailowesha kwa dawa hii tu, si maji, si kitu kingine chochote. Usilale nazo. Na jicho likiwa jekundu unavua, unakuja hapa siku hiyo hiyo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Masikio yamesikia. Nataka na mikono isikie."

Shuleni, Mbishi alibeba vitu vyake akahamia benchi la nyuma kabisa bila kuombwa. Mwalimu wa hesabu alimwita asome ubao kutoka kule, akitarajia vichekesho. Alisoma mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akamwonyesha mwalimu mahali aliposahau alama ya kujumlisha. Darasa lilicheka, lakini safari hii hawakumcheka yeye. Na nyumbani sindano ikawa moja, na tundu lake likawa mlango uliofunguliwa.

Kisha ikaja siku ya vumbi. Wakati wa mapumziko upepo ulisomba mchanga wa uwanja, chembe moja ikaingia chini ya lenzi ya jicho la kulia. Iliuma kama mwiba. Mbishi aliivua, akatafuta chupa ya dawa mkobani, akakumbuka ameiacha nyumbani. Kengele ilikuwa inalia. Akafanya kile ambacho mikono yake ilikifanya tangu alipojua kushika uzi: akaitia lenzi mdomoni, akailowesha, akairudisha jichoni. Ikakaa vizuri. Akaenda darasani.

Laiti ingeuma siku ile, mambo yangeishia hapo. Haikuuma, na njia ya mkato ikishamfaa mtu mara moja humwita tena. Punde ikawa mazoea. Hata asubuhi nyumbani, chupa ya dawa ikiwa rafuni, ulimi ulikuwa karibu zaidi. Mama alimwona mara moja akifanya hivyo, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Katika nyumba ile mate hayakuhesabiwa kuwa kitu, yalikuwa sehemu ya ufundi.

Jicho likaanza kuwa jekundu. Mbishi alisema ni vumbi. Kesho yake lilitoa tongotongo, akasema amelala vibaya. Mwanga wa mlangoni ukaanza kumchoma, akajifunza kutembea ameinamisha kichwa. Maagizo ya mpimaji aliyakumbuka vizuri sana. Lakini akisema ukweli, lenzi zitachukuliwa. Shangazi atasema si niliwaambia, mwalimu atasema arudie darasa, na yeye atarudi kwenye sindano tatu. Akauma meno.

"Hilo jicho," shangazi alisema.

"Liko sawa."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nimesema liko sawa, shangazi." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka, akaenda kukaa pembeni.

Asubuhi iliyofuata alichukua sindano kama kawaida, lenzi zote mbili zikiwa machoni. Jicho la kulia liliona moshi mtupu. Alilifunga, akalifungua, akalikodoa. Sindano haikuwa tatu wala moja. Haikuwepo. Hofu ilimshika, hofu ya kweli ambayo hakuijua hata kwenye kiti cha mpimaji. Alikuwa amebishana na mwalimu, na shangazi, na kila aliyesema haiwezekani. Sasa alikuwa anabishana na jicho lake mwenyewe, na jicho lilikuwa linashindwa.

Akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akavua lenzi, akasimama katikati ya duka.

"Mama, jicho la kulia halioni. Nilikuwa nailamba lenzi. Nimewadanganya kuhusu vumbi."

Cherehani zilinyamaza zote mbili. Mama alimgeukia, na ncha ya uzi ilikuwa bado imening'inia kati ya midomo yake. Aliitoa polepole.

"Nilikuona ukilamba," alisema. "Nilikuona na sikushtuka. Chukua kitenge changu, tunaondoka."

Mpimaji hakufanya masihara siku hiyo. Alitazama jicho kwa taa yake, akamwita daktari mkuu wa macho, naye akatazama. Kulikuwa na kidonda kwenye kioo cha jicho, kidogo lakini kibichi. Mbishi alipewa dawa ya kudondosha kila saa, na lenzi zilipigwa marufuku mpaka kidonda kipone.

"Zitupwe kabisa," shangazi alisema. "Kidogo tu angepoteza jicho."

"Zisitupwe," Mbishi alisema. Jicho lake lilikuwa limevimba, lakini alisimama wima. "Kosa si la lenzi. Ni la ulimi wangu. Nipeni adhabu nyingine yoyote, lakini msiniambie nisione."

Mpimaji alikaa kwenye kigoda chake akamtazama usoni. "Ungechelewa siku chache zaidi, tusingekuwa na cha kubishania hapa. Kapone kwanza. Tutaongea."

Alirudi shuleni bila lenzi, ukungu wake wa zamani ukimsubiri mlangoni. Mwalimu wa hesabu aliandika ubao mzima kisha akamtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Mbishi alisimama.

"Mwalimu, naomba uwe unasoma kwa sauti unachoandika. Masikio yangu hayajachongoka."

Mwalimu alikaa na chaki mkononi, akafikiri. Labda aliikumbuka alama ya kujumlisha. Akageukia ubao, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, kisha wa pili, na hakuacha kufanya hivyo tangu siku ile. Wengi waliokaa nyuma waligundua kwamba nao walikuwa wakiihitaji sauti ile. Habari ya kurudia darasa haikutajwa tena.

Kidonda kilipopona kiliacha kovu dogo, doa jeupe ambalo halitaondoka. Mpimaji alimwonyesha kwenye kompyuta, hakumficha. Kisha akampa sabuni, akakunja mikono, akamtazama akinawa viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha, akijifuta kwa taulo safi, akiisugua lenzi kwa dawa yake. Mama na shangazi walikuwa wamesimama nyuma, wanatazama kama watu waliokuja kwenye mtihani.

"Sasa nisikilize," mpimaji alisema. "Watu watakwambia uache ubishi. Mimi sikwambii hivyo. Bila ubishi wako usingekaa kwenye kiti hiki, na leo ungekuwa unatafuta sindano kwa kupapasa. Bishana na anayekwambia huwezi. Lakini vijidudu havisikilizi maneno, havijui nani mbishi na nani mpole. Kwenye usafi mtu hashindani, anatii. Na kosa likishatokea, ujasiri ni kulisema mapema. Ulisema kwa kuchelewa, lakini ulisema mwenyewe. Hilo ndilo lililoliokoa jicho."

Mbishi hakubisha. Alivaa lenzi, akapepesa, akatazama mlango. Msumari wa kitasa ulikuwa pale pale, na ulikuwa mmoja.

Asubuhi iliyofuata dukani, sindano zilikuwa zinamsubiri. Karibu na cherehani ya shangazi kulikuwa na kibakuli kipya chenye sponji lililoloweshwa maji. Mbishi alikitazama, kisha akamtazama shangazi.

"Unatazama nini?" shangazi alisema, akiibonyeza ncha ya uzi kwenye sponji. "Tunga uzi, umechelewa shule. Na mikono umenawa?"

"Nimenawa."

"Nionyeshe."

Mbishi alifungua mdomo kubisha, akaufunga, akanyoosha mikono yote miwili.