Mwenye Keki ya Chai

Wewe ushawahi kumuona mwanamke akagombana na mwanamme asiyemjua, sokoni, kweupe, kwa sababu ya majani ya chai? Basi nakwambia imetokea, tena Darajani, asubuhi ya Jumamosi, wakati watu wanapigana vikumbo utadhani kesho soko halifunguliwi.

Salhiya alikuwa na baibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, mtandio wa zambarau na kikapu cha ukili begani. Alikuwa kainama mbele ya duka la viungo, kachota majani ya chai kidogo kiganjani, anayanusa. Hakuwa mtu wa kununua chai kwa kutazama picha ya paketi. Alitaka majani madogo madogo, meusi, yanayonukia hata kabla ya kuona maji. Hayo aliyokuwa nayo mkononi ndiyo hasa. Akasema apimiwe yote yaliyobaki. Mwenye duka akamjibu kwa haya kwamba yote yameshachukuliwa na kaka huyo hapo.

Kaka huyo alikuwa Ayoub, kijana mrefu, mikono ya kanzu kaikunja mpaka kwenye viwiko, kofia ya viua kaisukuma nyuma. Yeye na mama yake walikuwa na mkahawa mdogo Mkunazini. Salhiya akamtaka amuachie nusu. Ayoub akasema hawezi, wateja wake wanataka chai tangu alfajiri. Salhiya akamwambia wateja wake anaweza kuwachemshia chai yoyote na wasijue, lakini yeye anayatia kwenye keki. Ayoub akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomuudhi.

"Dada, keki watu wanaila na chai," alisema. "Hawaitii chai ndani yake."

"Kumbe wewe mjuzi wa keki."

"Mimi mjuzi wa chai."

"Basi unajua nusu. Hiyo nusu nyengine nitakuletea Jumatatu, uile unyamaze."

Ayoub akampa majani nusu, kwa kutaka kuona mwisho wake.

Sasa ngoja nikueleze alivyoipika, maana wengi wanaiharibu papa hapa. Maziwa aliyateleka na iliki zilizopondwa na kijiti cha mdalasini. Yalipoanza kupanda akaepua, ndipo akatia majani ya chai, akafunika. Majani hayachemshwi. Ukiyachemsha, maziwa yanakuwa machungu na hakuna sukari ya kuyaokoa. Yalipopata rangi ya chungu kipya akayachuja kwa kitambaa, akayaacha yapoe kabisa, kwani maziwa ya moto huyaivisha mayai kabla ya oveni. Siagi na sukari akazipiga kwa mwiko mpaka zikawa nyeupe, akatia mayai moja moja, kisha unga kidogo, maziwa kidogo, unga tena, maziwa tena. Mwisho akatia majani makavu aliyoyatwanga yakawa kama vumbi. Hayo ndiyo yanayoacha vidoadoa ndani ya keki, na harufu yake inatoka mpaka njiani.

Jumatatu Ayoub alikula kimya, akaokota makombo kwa ncha ya kidole, akaomba namba ya simu.

Hapo tena ikawa simu asubuhi, simu adhuhuri. Salhiya alimpelekea keki ya wateja wa mkahawani kila siku, na kila siku Ayoub alikuwa na la kusema.

"Habibti, keki imekwisha kabla ya laasiri."

"Kwa hivyo umenipigia kwa ajili ya keki."

"Nimekupigia kuisikia sauti yako. Keki kisingizio tu."

Salhiya akawa anacheka peke yake mbele ya oveni, mpaka binamu yake Tabia akawa anamuigiza, simu ya uongo sikioni, macho juu.

Lakini Salhiya alikuwa na jambo moja rohoni, na hilo hakuwahi kumwambia mtu. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa kwa ami yake, Ami Jecha, Mwembetanga, huko Ng'ambo. Ami hakumnyima chakula wala nguo. Ila kila kitu cha nyumba ile kiliitwa cha Jecha. Yeye mwenyewe mitaani alikuwa yule mtoto wa kwa Jecha. Hata keki alizowapelekea majirani ziliitwa keki za kwa Jecha, na ami mwenyewe ana sukari, haonji hata ncha. Salhiya alitaka kitu kimoja tu duniani kiitwe kwa jina lake. Aliamini kimeshapatikana, kipo Mkunazini, kinaliwa na watu.

Alhamisi moja akajifukiza udi, akavaa baibui jipya, akamchukua Tabia wakaangalie watu wanavyoila. Walipofika pembeni ya mkahawa wakasimama kwanza, kwa sababu barazani walikuwa wamejaa wanaume, vikombe mkononi, wengi wao wanaosali msikiti mmoja na Ami Jecha. Mzee mmoja aliyekuwa anaozesha binti yake alikuwa na kipande mdomoni. Akasema anataka keki hizi harusini, na akauliza nani anazipika.

Salhiya akaukamata mkono wa Tabia.

"Mama yangu," alijibu Ayoub. "Huo mkono wa mama."

Wazee wakamuombea mama mkono wake usichoke. Ayoub akaitikia amin.

Salhiya aligeuka. Alitembea mpaka Darajani, Tabia anamkimbilia nyuma, viatu mkononi. Kule ndipo ulimi ulipofunguka, na sikwambii aliyoyasema. Mikono iliyoungua kwa sufuria ni yake, usingizi aliokatiza ni wake, harufu ya siagi isiyotoka kwenye nywele hata kwa udi ni yake, na sifa amekwenda kupewa mtu asiyewahi kuuona unga wake. Na aliyezigawa ni huyo anayemwita habibti.

Usiku wake, nyumbani, simu ikalia, akaiacha. Ikalia tena, akaiacha. Mara ya tatu akaipokea kama anavyopokewa mtu wa umeme aliyekuja kukata.

"Naam."

"Roho yangu, mbona hivyo? Unaumwa?"

"Mimi mzima. Mama yako je, mkono wake haujachoka?"

"Alhamdulillahi mama mzima," alisema Ayoub, kafurahi kuulizwa. "Anakusalimu."

Salhiya aliikata simu akaitupa kitandani, na ningekuwa mimi ningeitupa dirishani.

Asubuhi yake akateleka maziwa, akatia majani maziwa yakiwa bado motoni, akayaacha yachemke. Yakachemka mpaka yakawa meusi ti, jikoni kukanuka kama dawa ya kienyeji. Tabia akamuuliza kama anajua anachokifanya. Akajibu kwamba leo ndiyo anajua. Keki ilitoka nzuri kwa macho, imeumuka, ina rangi ya asali, na Tabia akaipeleka Mkunazini bila ya kusema kitu.

Sasa sikiliza ilivyotokea. Siku ile yule mzee wa harusi alikuja na nduguze waonje. Walipotafuna wakakunja nyuso. Mmoja akatema kwenye leso. Mwengine, mtani wa watu, akapaza sauti kuelekea jikoni kumuuliza Bi Mwanakheir, mama yake Ayoub, kama leo kawapikia mwarobaini. Bi Mwanakheir alikuwa nyuma anakaanga sambusa zake, hajui lolote. Akatoka na upawa mkononi kuuliza ni keki gani hiyo aliyoipika yeye.

Haikufika adhuhuri, alikuwa uani kwa Ami Jecha, sahani ya keki mkononi kaifunika kwa kawa, Ayoub nyuma yake kainamisha kichwa. Ami alikuwa katoka. Salhiya alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, Tabia mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba, na hasira nnazo," alisema Bi Mwanakheir, akaiweka sahani chini. "Mimi sijapata kupika keki tangu nizaliwe. Leo watu wazima wananicheka kwa keki. Nani kati yenu kaniingiza mimi humu?"

Salhiya alimuomba radhi kwanza, akamuinamia, akaubusu mkono wake, kwa sababu mama wa watu hakuwa na kosa. Kisha akamwambia amuulize mwanawe.

Ayoub alizunguka sana kabla ya kufika. Alisema wale barazani ni wanaume watupu, na wanamjua Ami Jecha. Alisema angelitaja jina la msichana pale, jioni yake lingekuwa midomoni mwa mji mzima, kila mtu anauliza huyu ni nani yake.

"Wewe bado si mke wangu wala mchumba wangu," alisema. "Jina lako ningelitaja kwa haki gani? Nimelificha kwa heshima."

"Umelificha mpaka likawa la mama yako."

"Mama yake hakulitaka," alisema Bi Mwanakheir.

Ayoub akaona aokoe jahazi. Akaeleza kwamba alishapanga wazee waje kuposa kwa Ami Jecha Ijumaa ijayo, alikuwa anangoja tu mjomba wake arudi kutoka Matemwe, na baada ya hapo angemtaja popote bila ya kumuogopa mtu. Alidhani kwa maneno hayo Salhiya atalainika. Salhiya alilitupa tenga la nguo.

"Mtakaa nyinyi na ami, mtakunywa kahawa, mtapatana," alisema. "Keki umempa mama yako. Mimi unakwenda kuniomba kwa Jecha. Kuna siku yoyote mtu ataniuliza mimi?"

Jirani wa ng'ambo ya ukuta, aliyekuwa anatwanga, akasita kutwanga.

Bi Mwanakheir akavuta kibao cha mbuzi akakikalia, akakusanya kanga magotini. Akamwambia mwanawe kwamba hilo ni suali, na yeye hana haraka, sambusa zimeshaungua.

Ayoub akavua kofia. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

"Salhiya, unataka nini?"

Salhiya alikuwa kamtayarishia matusi, yamejipanga vizuri tangu jana, mengine alishayasema peke yake mbele ya oveni. Alipoyatafuta hakuyaona. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini chini yake palikuwa na kitu kilichokuwepo kabla yake, na hicho ndicho kilichompa sauti.

"Nakutaka wewe," alisema, macho makavu, kamkazia. "Walete wazee wako, mimi nshakubali. Na leo hii urudi pale barazani, uwaambie keki ya chai kaipika Salhiya. Uliseme jina langu kwa sauti, Ayoub, mimi nilisikie."