Karatasi Aliyoisoma Chande

Mignonne aliingia mle kukimbia mvua tu, habari za sanaa hakuwa nazo. Jumamosi hiyo ghala la zamani pale Anderlecht, huko ughaibuni, lilijaa watu hadi mlangoni, wasanii wa Asia wakionyesha kazi zao kuhusu kura na sauti ya raia. Alivaa koti la manjano, nywele zimesukwa hadi mgongoni, miwani imelowa chapachapa. Mlinzi wa ukumbi, Chande, kijana wa Tanga aliyekuja kusoma akabaki, akampa kitambaa.

"Dada, ukimaliza kufuta miwani, ukapige kura," akamwambia kwa Kiswahili, maana alimsikia akikiongea kwenye simu.

Akamweleza. Kibanda kile chenye pazia ni kazi ya Thiri, mama wa Kiburma ambaye kwao wanajeshi walifuta uchaguzi. Unaingia, unaandika kwenye karatasi jambo ambalo kwenu hukuweza kulisema, unatumbukiza sandukuni. Hakuna anayesoma. Jioni mlinzi anazimwaga karatasi zote kwenye beseni la maji, zinapondwa, zinakuwa karatasi mpya. Thiri alimshika Chande mikono miwili akamwambia sanaa yenyewe ni ahadi hiyo. Ikivunjwa, kinachobaki ni mbao tu.

Mignonne alikaa kibandani muda mrefu, akatoka macho mekundu. Chande akamtania kwamba ameandika kitabu. Akacheka, akampa namba yake.

Basi wakapendana, jamani, hadi kero. Mignonne alikuwa akihudumia wazee kule Koekelberg, na akitoka zamu tu simu inaita. Chéri umekula? Chéri uko wapi? Miezi mitatu haikuisha, wakapanga Chande aende Laeken kujitambulisha kwa baba yake, Papa Hilaire.

Ila Chande alikuwa na lake moyoni. Jioni ile ya kwanza aliisoma karatasi ya Mignonne. Aliitambua kwa wino wa kijani, kwani kalamu alimwazima yeye. Alidhani atakuta jina la mwanamume. Wivu, na mtu mmejuana saa moja! Akakuta hivi: "Papa alikuwa mukubwa wa bureau de vote kwetu, pale watu wanapigia kura. Alibadilisha kura za watu. Mimi njo nilimusomea namba. Nilikuwa na miaka kumi."

Tangu hapo, kila Mignonne alipomsifu baba yake, Chande alitazama viatu vyake. Aliona aibu kumbusu. Siku tatu kabla ya kwenda Laeken akashindwa, akapiga simu, akasema yote.

"Ungengoja, siku moja ningekuambia mwenyewe," Mignonne akasema. "Sasa ile siku umeninyang'anya." Akakata.

Hakupokea tena simu zake. Ijumaa akatuma maneno machache: aje tu, kwa sababu hajui amwambie papa nini.

Chande akaenda, suti ya kijivu, moyo mzito. Mignonne alivaa kitenge cha buluu, akamkaribisha bila kumtazama. Papa Hilaire mwenyewe akamimina chai.

"Bon," mzee akasema. "Mutoto aliniambia unachunga kura za watu, na hausome hata moja. Muntu wa vile, naweza mupatia binti yangu."

Chande angeweza kushukuru, mambo yakaisha. Mignonne alikuwa akimtazama sasa, akitikisa kichwa kidogo kumwonya asiseme.

"Papa, nilisoma moja," akasema. "Sistahili sifa hiyo. Nisamehe."

Mzee akaweka kikombe chini. Akauliza ilikuwa ya nani. Chande akakataa kujibu. Papa Hilaire akamgeukia binti yake, akamkuta ameinamisha kichwa, akaelewa ni ya nani na imesema nini.

"Wewe moja," mzee akasema polepole. "Mimi trois cent douze, mia tatu na kumi na mbili. Na nilikalisha mutoto wa miaka kumi pa meza anisomee." Akamshika binti yake mkono. "Mignonne, haikukuwa kosa yako. Ningekuambia zamani. Niliogopa."

Mignonne akalia, akalia kweli, na baba yake akalia naye. Chande akainuka ajiondokee, maana aliona hapo hana haki hata ya kiti.

"Unaenda wapi?" Mignonne akamuuliza, huku akijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Sijakusamehe. Kaa, tule."