Matangi ya Gari la Babu Joakimu

Kila asubuhi kabla ya shule, Judica alichukua ndoo na kuondoka kwenda chemchemini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nyumbani kwao Tlawi. Mama yake, Fausta, alikamua ng'ombe na kupika uji. Judica alileta maji. Kwenda ni mteremko, kurudi ni mlima, na wakati wa masika ukungu huwa mzito kiasi kwamba humwoni ng'ombe wa jirani mpaka akupumulie.

Lakini kwa wiki kadhaa Judica hakuwa akifika chemchemini. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwenye gari la marehemu babu yake na kujaza ndoo humo.

Gari hilo lilikuwa kuukuu na refu, lenye kitanda, jiko na sinki ndani yake. Wazungu waliomwajiri Babu Joakimu kama dereva walimwachia walipoondoka nchini. Injini ilipokufa, babu aliligeuza kuwa chumba chake. Chini ya kitanda kulikuwa na matangi mawili ya maji ya kunywa, na babu aliunganisha bomba kutoka paani ili mvua iyajaze. Alipokuwa hai aliyasafisha mwenyewe. Alifariki humo ndani baada ya Krismasi, na tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kuingia.

Mwanzoni Judica aliona amepata nafuu. Alisukuma mkono wa pampu pale kwenye sinki, ndoo ikajaa, naye akakaa kwenye kiti cha babu mpaka muda wa kutosha upite ili mama aamini kwamba alikwenda mbali.

Kisha akaanza kusikia mlio. Upepo ulipotikisa gari, kitu kiligonga chini ya kitanda, ko, ko, halafu ikafuata sauti kama ya mzee anayemeza maji taratibu. Alichota ndoo nyingi, lakini maji hayakuisha. Na asubuhi moja, juu ya maji aliyochota, alikuta unywele mfupi mweupe ukielea. Babu alikuwa na mvi. Judica alisimama akiutazama. Kisha akautoa kwa kidole na kupeleka ndoo jikoni.

Muda si mrefu mdogo wake, Violeth, akaanza kuumwa. Alikuwa bado hajaanza shule. Wakubwa pale nyumbani walikunywa chai na uji, lakini Violeth alipenda maji ya baridi. Tumbo lilimkata, akaharisha, homa ikapanda.

Mama alimpeleka zahanati, na Judica akamsindikiza. Mganga aliuliza maswali mengi, kisha akauliza maji ya kunywa wanayatoa wapi.

"Chemchemini," mama alijibu bila kusita. "Tangu nimeolewa hapa tunayanywa hivyohivyo, na hayajawahi kumdhuru mtu."

Judica alikuwa amesimama pembeni yake. Aliangalia sakafu. Mganga alipima malaria, hakuiona, akatoa dawa ya minyoo na kuwaambia warudi hali ikizidi.

Tangu hapo Judica alirudi kuchota chemchemini. Alidhani babu angenyamaza. Hakunyamaza. Upepo ulipovuma aliisikia ile ko, ko hata akiwa jikoni, na Violeth alizidi kukonda. Judica aliamini kwamba babu amekasirika kwa kuibiwa maji yake, na sasa anamchukua Violeth. Shuleni rafiki yake Evaline alimtania kwamba kijiji kizima kinajua babu yake bado anakunywa maji ndani ya gari. Wenzao walicheka.

Jumamosi mama alitangaza kwamba matangi yanatolewa. Sakafu ya gari ilikuwa inaoza kwa unyevu, na yeye alihitaji mahali pa kuwekea maharage. Alimwita mdogo wake, Onesphory, ambaye ni fundi wa pikipiki. Mjomba alifika na spana zake, Judica akamwamkia shikamoo, naye akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye gari. Alimuuliza dada yake kama haingefaa kumsubiri shemeji, baba yake Judica, arudi kutoka Katesh.

"Unaogopa nini?" mama alimuuliza. "Huyu mzee nilimlisha uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho, na hakuwahi kuniuma. Ataniuma leo? Judica, shika tochi."

Basi Judica alishika tochi. Mwanga ulicheza ukutani. Waliinua mbao za kitanda. Matangi yalikuwa hapo chini, meupe yaliyogeuka manjano, kila moja limefungwa kwa mikanda miwili ya chuma. Mjomba alifungua koki, maji yakatiririka nje kwenye nyasi kwa sauti ileile ya mzee anayemeza. Akakata mipira ya maji. Nati zilishikwa na kutu. Alizimwagia dizeli, akasubiri, akajaribu tena, mwishowe akaikata mikanda kwa msumeno wa chuma.

Tangi la kwanza lilipofika mlangoni liligoma. Walilisimamisha, wakalilaza, wakaligeuza. Mlango ulikuwa mdogo kuliko tangi.

"Hawa mafundi waliweka tangi kwanza, ndipo wakajenga gari juu yake," mjomba alisema.

"Lipasue katikati," mama alisema.

Msumeno ulipopita, harufu ilitoka kwanza, wote wakarudi nyuma. Ndani kulikuwa na utelezi wa kijani, na katikati yake panya, na panya mwingine, waliooza mpaka mifupa ikaonekana. Manyoya yao yalikuwa yamepauka, meupe. Kibao cha kuzuia maji yasiyumbe kilikuwa kimeng'oka upande mmoja; mjomba alikisukuma kwa spana, kikagonga ko, ko. Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema jini wao ndiye huyo.

Mama aliinama. Alitazama ndani. "Afadhali hakuna mtu aliyekunywa haya," alisema.

Kutoka ndani ya nyumba Violeth alilia, kilio chembamba kisicho na nguvu. Judica alijua kwamba akinyamaza, vipande hivyo vitachomwa moto na hakuna atakayejua kamwe. Ila mganga naye hatajua.

"Violeth ameyanywa, mama," alisema. "Mimi nilikuwa nachota humu. Sikuwa naenda chemchemini."

Mama hakuinua mkono. Aliuliza tangu lini, Judica akajibu. Mama akamfunga Violeth mgongoni kwa kanga na kumwambia Judica atangulie, kwa sababu yeye ndiye atakayemweleza mganga kwa kinywa chake.

Judica alieleza yote, hata habari ya panya hakuificha. Safari hii mganga alipima choo, akabadilisha dawa, akawaandikia waende hospitali mjini Mbulu ili mtoto aongezewe maji. Aliwaambia kwamba wangechelewa zaidi, asingeahidi chochote. Baada ya siku kadhaa Violeth alirudi nyumbani amekonda, lakini anadai viazi.

Jioni hiyo mama alimketisha Judica kando ya jiko.

"Kuna makosa ya watu wawili hapa," alisema. "Mimi nilimjibu mganga kwa uhakika kitu ambacho sikukiona kwa macho, na maji yangu sichemshi kwa sababu najivunia chemchemi. Kuanzia leo yanachemshwa. Wewe ulikwepa kazi, ukadanganya, ukamwona mdogo wako anaisha ukanyamaza."

"Nilidhani ni babu, mama."

"Ndiyo. Mtu akificha kosa lake hutafuta wa kumbebesha. Wewe ulimbebesha marehemu, maana hawezi kujibu. Babu yako alikuchonga kijiko chako cha kwanza, na wewe miezi hii yote umemfanya jini. Hukuwahi hata kumlilia."

Ilikuwa kweli. Judica aliinamisha kichwa magotini, na kwa mara ya kwanza akamlilia babu yake. Mama alisogeza kuni motoni na kumwacha alie.