Chiriku Amenyamaza

Fundi cherehani alizoea kelele za bintiye. Tangu mkewe afariki, mtoto huyo ndiye aliyeichangamsha nyumba. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kila mtu alimwita Chiriku. Akitoka shule, alikaa karibu na cherehani akasimulia mpaka baba akasahau kukata uzi.

Likizo hii Chiriku alichaguliwa kwenda chuo kikuu kwa mafunzo mafupi ya wanafunzi. Huko vijana walijifunza habari za nyota, na walilala bwenini. Baba alimsindikiza hadi getini.

"Huko ufunge mdomo, mwanangu," alimwambia. "Mwalimu akisema jambo, wewe itikia tu. Usinitie aibu."

Sasa nyumba ilipooza. Baba alimkumbuka mno. Alipika chakula cha watu wawili, akala peke yake. Kila jioni alisubiri simu.

"Habari za huko, mwanangu?"

"Nzuri, baba."

"Mnaziona nyota?"

"Ndiyo, baba."

Basi, yakaishia hapo.

Asubuhi moja jirani alileta gauni lipunguzwe. Alikuwa mlezi wa bweni katika shule ya wasichana.

"Fundi, unashona mfuko begani! Mawazo yako yako wapi?"

"Kwa Chiriku. Naona chuo kimemstaarabisha. Haongei tena."

Jirani hakucheka. "Chiriku haongei? Mpigie sasa hivi. Muulize kama kuna jambo ameambiwa asiliseme."

Baba akapiga, akaweka simu kwenye spika, akauliza. Chiriku akaanza kulia.

"Kuna mwalimu msaidizi, baba. Ananitumia meseji. Anataka leo jioni niende ofisini kwake peke yangu. Amesema ni siri yetu. Na wewe ulisema niitikie tu."

"Nilikosea mimi, mwanangu. Wewe huna kosa. Usiende. Kaa na wenzako."

Alipokata simu, alichukua koti. "Namfuata mwanangu!"

"Nenda, lakini mpigie kwanza msimamizi wa mafunzo," jirani alisema. "Ukimwondoa kimya kimya, mtu huyo atabaki na watoto wa wenzako. Mtu mzima hajifungii ofisini na mtoto, wala hamtumii meseji za siri. Akimwambia mtoto amfiche mzazi, hiyo ni hatari. Na Chiriku asizifute hizo meseji, zitahitajika."

Msimamizi alipokea simu. Alimfuata Chiriku darasani mara moja, akamweka karibu naye. Kabla baba hajafika, mwalimu yule alikuwa ameondolewa kwa vijana, na uchunguzi umeanza.

Baba alimkumbatia bintiye kwa nguvu. "Twende nyumbani," alisema.

"Baba, leo tunaangalia mwezi kwa darubini. Naomba nibaki."

Alitamani sana kurudi naye. Lakini msimamizi alimwonyesha mlezi wa kike anayelala bwenini, na namba ambayo kila mtoto angeweza kupiga. Walimu wote walikumbushwa kutokaa na mtoto faraghani. Baba akakubali.

"Nilikuambia ufunge mdomo," alimwambia. "Nayafuta maneno yale. Ukiona jambo halikupendezi, kataa, uje useme, hata likimhusu mwalimu. Hata likinihusu mimi."

Jioni simu iliita. Chiriku alianza na milima ya mwezini, akarukia mwenzake anayekoroma, akarudi tena mwezini. Chakula kikapoa mezani.

"Baba, nimeongea sana?"

"Bado," alisema baba, akifuta machozi. "Endelea."